Gari Jekundu la Bwana Maige

Kila nikitoka shule nilipitia kwenye kibaraza cha baba, mjini Mwanza, kumsaidia kushona vifungo. Siku moja mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, nilimkuta hashoni. Alikuwa akizifuta cherehani zake mbili, uso umejaa furaha.

"Mwaija, kesho tuna gari!"

Lilikuwa gari kuukuu la spoti, jekundu, la viti viwili, lililoachwa na Mzungu aliyerudi kwao. Dalali, Bwana Maige, alitaka kulibadilisha kwa cherehani zote mbili. Watoto watano tulikula kwa cherehani hizo! Mama alipopinga, baba alimwambia magari ni mambo ya wanaume. Niliumia sana.

Kesho yake, saa moja asubuhi, tulifika kwa Bwana Maige. Gari lilikuwa kivulini.

"Halijawashwa tangu juzi," alisema Bwana Maige.

Niligusa boneti, nikaurudisha mkono upesi. "Baba, ni ya moto! Limewashwa leo."

"Mtoto huyu hana adabu," Bwana Maige akang'aka. "Hilo ni joto la jua."

"Jua gani hapa kivulini?"

Baba alinikazia macho. Kisha akapapasa viti, akasifu mshono wa ngozi, akapiga honi. Basi! Huo ndio ukaguzi wa mtu anayekataa jora zima la kitambaa kwa kasoro ya uzi mmoja. Niliogopa, lakini hasira ilinizidi.

"Baba, kitambaa hukinunui bila kutazama upande wa ndani. Mbona hili hujatazama chini yake?"

Baba alivua koti. Akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Alipobonyeza sakafu, kidole kilipenya. Bati lilikuwa limeliwa na kutu, likazibwa kwa magazeti na lami, kisha likapakwa rangi. Akatoka, akaingia ndani ya gari, akakanyaga breki. Ikazama mpaka chini, haikushika kitu.

"Ungetuua, Maige!" baba alifoka.

"Kama hulitaki, liache. Mwalimu Nkwabi anakuja kulinunua saa tatu."

"Basi nitamsubiri."

Tukakaa palepale. Mwalimu alipofika, baba alimwambia, "Usitazame rangi. Pita chini, bonyeza kila mahali. Kanyaga breki. Mwambie aliwashe sasa, maana limepoa; sisi alitupashia moto kabla hatujafika."

Bwana Maige alijaribu kuliwasha mara sita. Kimya. Mwalimu Nkwabi alimshukuru baba, akaenda zake. Dalali akabaki akilisukuma gari lake peke yake, akitutukana, na hakuna mpita njia aliyemsaidia.

Baba alinigeukia. "Mwanangu, nilikukazia macho wewe uliyesema kweli, nikamwamini aliyenidanganya. Kumheshimu mkubwa si kunyamaza anapokosea. Sema kwa adabu, lakini sema. Na mkubwa akiambiwa kweli na mtoto, asikilize. Nisamehe."

Nilimsamehe. Lakini nilimwambia kwamba mama naye anasubiri kuombwa radhi.