Orodha ya Wapiga Kelele

Kila asubuhi, kabla mwalimu wa darasa hajaingia, nilisimama mbele ya darasa la sita nikiwa na chaki mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja. Aliyefungua mdomo nilimwandika ubaoni, na aliyeandikwa mara kumi alihamishiwa dawati la nyuma, peke yake. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyopaswa kuipenda.

Jina lililoongoza kila siku lilikuwa la msichana tuliyemwita Redio. Hakunyamaza hata mwalimu alipokuwa akifundisha. Alimnong'oneza jirani yake, Mpole, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

"Kiranja, nisikilize kwanza," aliniomba siku nilipomwandika mara ya kumi. "Nina sababu."

"Redio huwa haikosi taarifa," nilimjibu. Darasa likaangua kicheko.

Alimtazama Mpole. Mpole akatikisa kichwa kumkataza. Basi Redio akachukua mkoba wake akaenda nyuma. Darasa likatulia tuli, mwalimu akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Wiki tatu baadaye Mpole alirudishiwa jaribio la hesabu akiwa na sifuri. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa yake. Siku ya nne mwalimu akanituma kwao.

Nilimkuta mama yake uani akifua nguo za watu, na Mpole akimsaidia kusuuza.

"Anasema shule basi," mama aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. "Eti yeye mjinga. Baba yake hakusoma, mimi sikusoma. Nilikuwa namtegemea huyu."

"Kwani imekuwaje?" nikamuuliza Mpole.

"Ubao siuoni," alisema polepole. "Tangu mwaka jana naona ukungu tu. Redio ndiye alikuwa ananisomea. Nilimwapisha asiseme, nisije nikaitwa kipofu."

Ni mimi niliyemfukuza mtoto yule shuleni, na nilisifiwa kwa kazi hiyo.

Nilirudi nikamweleza mwalimu yote, hata ule utani wangu. Jioni ile alikwenda mwenyewe kuzungumza na mama. Jumatatu Mpole alirudi akakaa dawati la mbele kabisa, Redio ubavuni mwake, akisubiri siku ya kupimwa macho zahanati. Lakini masomo ya wiki tatu yalikuwa yamempita, na hakucheka na mtu. Nilipomwomba radhi alisema, "Haya," akafungua daftari. Redio hakunijibu kabisa.

Mwalimu alinikuta nyuma ya darasa nikilia.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu," alisema. "Hata mimi nilisoma majina ubaoni bila kuuliza. Leo umepewa chaki. Kesho pengine utapewa ofisi na muhuri, na mtu atasimama mbele ya meza yako akuombe umsikilize. Kumnyamazisha ni rahisi. Kiongozi humuuliza kwanza ana shida gani, ndipo aandike."

"Na wasiponisamehe, mwalimu?"

Alinipa leso yake nijifute.

"Basi utawaongoza hivyo hivyo," alisema, "na utawasikiliza hivyo hivyo."