Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Studio

Asubuhi hiyo Mama Studio alikuwa akiandaa picha ya marehemu. Mwanamume aliyefiwa na mkewe alikaa kwenye benchi, mikono magotini. Picha nzuri ya mkewe ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndani ya kompyuta ya studio peke yake. Mazishi yalikuwa alasiri.

Simu ya studio ikalia.

"Shikamoo mama. Poleni na kazi. Watoto hawajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo."

"Napiga kutoka kampuni ya kompyuta. Mashine yako imeingia virusi. Sasa hivi picha zote zitafutika. Usikate simu, mama, nitakusaidia."

Mama Studio akamtazama mfiwa. Picha ikifutika, angemwambia nini? Halafu, mtu aliyemwamkia vizuri namna ile angemkatiaje simu? Akapakua programu aliyotajiwa. Akamsomea tarakimu zilizotokea kwenye kioo.

Mara mshale wa kompyuta ukaanza kutembea wenyewe.

"Baba Watoto, njoo uone. Sijagusa kitu."

Mumewe alitoka chumba cha kupigia picha. Alipoona, akampigia rafiki yake, fundi wa kompyuta zao, kisha akampa mkewe simu.

"Shemeji, chomoa waya wa intaneti," fundi alisema. "Halafu mkatie huyo mtu."

"Bado anaongea."

"Mwache aongee na ukuta."

Akachomoa, kisha akamkatia yule mtu. Mshale ukasimama.

Fundi alifika upesi. Akaiondoa ile programu, akakagua mafaili. Picha zilikuwa salama. Akazitolea nakala kwenye flashi.

"Badilisheni maneno yenu ya siri, hasa ya benki," alisema. "Tumieni simu, si kompyuta hii. Sasa shemeji, nani alianza kupiga?"

"Yeye."

"Hapo ndipo pa kushtuka. Kampuni haikupigii kukwambia mashine yako inaumwa. Anakutisha ili usipate nafasi ya kufikiri. Akitaka umfungulie kompyuta, au akitaka tarakimu, neno la siri au pesa, kata. Kisha nipigie mimi, kwa namba yangu unayoijua."

"Na adabu?"

"Mwizi akipiga hodi kwa adabu, utamkaribisha?"

Mama Studio aliinamisha kichwa. "Ningempotezea mfiwa huyu mkewe mara ya pili," alisema taratibu.

"Tuwekeane sharti," mumewe alisema. "Hakuna anayemfungulia mtu kompyuta hii kabla ya kumwuliza mwenzake."

"Sawa."

Picha ilikuwa ikichapishwa simu ilipolia tena.

"Mama, mbona umekata? Picha zako zinafutika."

"Fundi wetu tunamjua," alijibu, akakata. Hakuaga.

Akaichukua picha, bado ina joto la mashine, akamkabidhi mfiwa kwa mikono miwili. Mwanamume yule aliipokea, akaitazama.

"Ndiye," alisema. "Alikuwa akicheka hivihivi."