Nyuzi za Karwirwa

Betri zilikuwa zimeanikwa juu ya bati la choo, maana Mutembei hakuwa mtu wa kutupa betri kabla jua halijazifufua mara tatu. Mashine yenyewe, ile ya kutambua vyuma, ilikuwa ndani, imeegemezwa kabatini, kifuniko kimefunguliwa, tumbo tupu. Saa saba mchana ikalia.

Haikulia kwa ukali kama inavyolia juu ya msumari. Ilitoa mlio mwembamba, mrefu, ule ambao Mutembei aliujua kuliko sauti ya mwanawe Kirimi: mlio wa dhahabu. Akaacha kutafuna. Ikalia tena, ikanyamaza, na chumbani kukabaki harufu ya dawa ya kuchua kifua, ile ya kikopo kidogo, ambayo haikuwa imeingia nyumba hiyo kwa miaka mitano.

Alijiambia ni waya. Mwanamume anayeishi peke yake hujiambia mambo mengi.

Kutoka Mitunguu mpaka Kinoru, na hata kule Maua, alijulikana kama mtu wa pete. Ukipoteza pete ya ndoa ukipalilia, au ukimtupia mumeo kwa hasira kisha hasira ikaisha, ulimpigia Mutembei, naye akaja na mashine yake ya kutambua vyuma, akapita shambani polepole kama anayefagia. Alikuwa na sharti moja. Akiipata pete hakuifuta. Aliitoa na bonge lake la udongo, akaliweka mkononi mwa mwenyewe, akageuza uso. Mwaka wake wa kwanza mama mmoja alimsingizia kwamba amebadilisha kito, na tangu hapo akasema mwenye kidole ndiye anayeosha. Watu walilisifu sana sharti hilo, wakaliita uaminifu. Lilikuwa woga tu, na kama mambo mengi ya woga, lilikuja kuzaa hasara.

Hakununua mashine ile kwa ajili ya watu. Aliinunua kwa ajili ya Karwirwa.

Karwirwa alikuwa mkewe, fundi cherehani pale sokoni Mitunguu, mwanamke asiyetupa uzi. Akifumua pindo, alizungusha uzi kwenye vidole viwili kwa umbo la nane, akaukaza katikati, akauweka ndani ya kopo. Ugonjwa ulipomkondesha, alikatazwa kushika jembe, akalishika hivyo hivyo, akaenda kung'oa machipukizi ya ndizi. Alirudi nyumbani kidole kitupu. Walitafuta kwa mikono wiki nzima. Kisha akalazwa, na huko hospitalini aliiulizia pete kuliko alivyoulizia dawa.

Ndipo Mutembei akaenda soko la Gakoromone, akanunua pete ya shaba kwa mchuuzi wa sinia. Kwa ndani akaizungushia uzi mweupe isije ikateleza kwenye kidole kile kilichokuwa kimebaki mfupa. Akamvisha. Akamwambia imepatikana. Karwirwa aliitazama muda mrefu, akaigusagusa kwa kidole gumba, akasema, "Asante, Baba Kirimi," akaugeukia ukuta. Kesho yake saa saba mchana akafa, na akazikwa nayo, shambani kwao, kando ya migomba.

Mutembei hakumwambia mtu. Alinunua mashine, akalipima shamba lake mstari kwa mstari miaka mitano. Alipata vifuniko vya soda, jembe la babake, senti za zamani zenye tundu. Pete hakuipata.

Sasa, jioni ya siku ile mashine ilipolia bila betri, simu ikaita. Alikuwa ni Nelius, mama mmoja wa upande wa Runyenjes kule Embu, ambaye wiki tatu nyuma Mutembei alimpatia pete yake kwenye shamba la ndizi. Alinong'ona kama mtu aliyejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Fundi, ile pete ulinipatia. Kuja uichukue."

"Niichukue ya nini, mama, na ni yako?"

Akazidi kuishusha sauti.

"Si yangu," akasema.

Kesho yake asubuhi Mutembei alikuwa uani kwa Nelius. Alimkuta kwenye ngazi ya mlango pamoja na Pasta Gitari wa kanisa lao, wote wawili wamekaa nje kama wageni. Nelius akaeleza macho yake yakiwa chini. Siku ile alipoosha lile bonge aliona mara moja kwamba pete si yake. Ilikuwa nene kidogo, na ndani ilikuwa na maandishi. Lakini mumewe, Mbogo, dereva wa lori, alikuwa anarudi Jumamosi, na wakwe walikuwa wameshaanza kusema mke aliyepoteza pete ameanza kutafuta mlango. Akaivaa. Mbogo hakuwahi kuangalia ndani ya kitu chochote alichomnunulia, basi hakuangalia na hiki.

Jumatatu yake, saa saba mchana, mtu akaanza kutafuta kitu ndani ya nyumba.

"Kutafuta vipi?" Mutembei akauliza.

Nelius akamweleza. Sukari ilimwagwa mezani, ikapangwa safu nyembamba kama iliyochungwa kwa kidole. Jivu la jikoni lilipepetwa. Stoo, mlango ukiwa na kufuli, ilisikika sauti ya mtu akichagua maharagwe kwenye uteo, moja moja, chap, chap, chap, mpaka saa nane. Mbogo alisikia siku mbili, ya tatu akakumbuka ana mzigo wa kupeleka Isiolo. Pasta naye alikuja mara tatu. Alitangaza kwamba majini ni mambo ya pwani na nkoma, ile mizimu, ni mambo ya mababu, na Mkristo wa Mlima Kenya hana la kuogopa. Kisha akaiombea nyumba akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Roho ya Bwana haihitaji kuingia ndani sana," akasema Pasta.

"Na kidole," akasema Nelius, akaunyosha mkono.

Mutembei aliutazama. Mkono ulikuwa wa mwanamke mwenye afya, umejaa, wenye sugu za jembe. Kidole cha pete peke yake kilikuwa kimekonda. Kilikuwa kidole cha mgonjwa, ngozi juu ya mfupa, ukucha wa kijivu. Pete ilizunguka juu yake kama bangili, lakini Nelius alipoivuta ilikwama kwenye fundo la kidole, ikakataa.

Akaomba maji. Akauosha mkono ule mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aweke sharti lake, akaigeuza pete juani. K na M, na mwaka wa tisini na nne.

Aliuliza migomba ile ilitoka wapi, ingawa alikuwa ameshajua. Nelius akamwambia waliletewa na broka kwa pikapu, machipukizi ya Mitunguu, kila moja na udongo wake mizizini, ndiyo maana yalishika vizuri. Kuna mzee alikuwa anauza haraka, bibi yake amelazwa.

Mutembei akaketi kwenye ngazi. Wiki ile ya hospitali alikuwa ameyauza machipukizi yote aliyoyang'oa Karwirwa. Alikuwa ameifunga pete ya mkewe ndani ya udongo wake mwenyewe, akaipakia garini kwa mikono yake, kisha akakaa miaka mitano akiitafuta mahali ilipotoka.

"Kuna kitu kingine," akasema Nelius. Akaingia, akatoka na sahani. "Amefumua nguo zote. Gauni zangu, mashuka, suti ya mume wangu. Lakini hatupi. Angalia."

Kwenye sahani kulikuwa na nyuzi, za rangi zote, kila mmoja umezungushwa umbo la nane na kukazwa katikati.

Ilipokaribia saa saba Mutembei aliomba aingie, na Nelius akaingia naye kwa sababu pete ilikuwa kidoleni mwake. Pasta alibaki mlangoni kulinda mlango. Wakaketi. Kuku uani wakanyamaza, si ghafla, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoambiana. Kisha ikaja harufu ya dawa ya kuchua, na chini ya dawa harufu ya udongo wa mferejini, udongo mweusi uliokaa na maji, na baada ya harufu zikaja patipati za mpira, zikiburutwa, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika, jinsi anavyotembea mtu aliyeambiwa na daktari asitembee, zikapita katikati yao, hewa ikawa baridi magotini mwao kisha ikapoa hivyo hivyo mapajani na vifuani, zikaenda stoo bila mlango kufunguka, na huko maharagwe yakaanza, chap, chap, chap, na Nelius akawa analia bila sauti, amekishika kidole chake kama mtoto mgonjwa, na Mutembei, ambaye alikuwa amepiga magoti miaka mitano akiomba asikie tena hatua hizo, akagundua kwamba meno yake yanagongana.

Akasema kwa Kimeru, polepole, "Karwirwa. Hapa si kwako. Twende nyumbani."

Maharagwe yakanyamaza.

Pete ikatoka kidoleni mwa Nelius yenyewe, kwa urahisi, ikaanguka kwenye simiti, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Mutembei, ikalala. Walipofungua kufuli ya stoo wakakuta maharagwe yote yamechaguliwa, mabovu kando, na katikati ya uteo pete nyingine, nyembamba, isiyo na maandishi. Nelius aliitambua kabla hajaigusa. Jumapili Pasta Gitari alitoa ushuhuda kanisani, na katika ushuhuda huo alikuwa ndani ya nyumba muda wote.

Hapo ndipo hadithi ingeishia, kama Mutembei angeenda moja kwa moja mpaka kaburini. Hakwenda. Aliiweka pete mezani kwake, juu ya kitambaa alichokishona Karwirwa, na kesho yake akapika githeri ya watu wawili.

Saa saba mashine ililia. Patipati zikaingia. Alimwambia karibu, Mama Kirimi, kaa. Akamweleza habari za Kirimi, bei ya ndizi, cherehani ambayo alikataa kuiuza. Mjane wa kiume huwa hana aibu akishapata wa kumsikiliza. Lakini Karwirwa hakukaa. Alifungua kopo la chumvi, akachunga chumvi. Alifumua pindo la pazia. Pete ilikuwa pale mezani, inang'aa, naye aliipita akaenda kuchokora jivu.

Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu Mutembei aliishika pete, akaipeleka mahali sauti ilipokuwa, akasema hii hapa, hii hapa, nimeipata kweli. Ubaridi ukamzunguka mkono, ukasimama hapo kidogo, ukaondoka. Akasikia pumzi fupi fupi, zile za usiku wa mwisho hospitalini, za mtu aliyechoka kupita kuchoka na bado hajaruhusiwa kulala. Na Mutembei, mkono wake ukiwa bado hewani, akakumbuka kwamba maneno hayo hayo aliwahi kumwambia. Imepatikana. Kwa nini amwamini mara ya pili?

Hakuwa amerudi kwake. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa anapita tu katika nyumba za watu, anatafuta, na anayemzuia asipumzike ni huyu mzee na sahani zake mbili.

Siku ya nne hakupika. Ilipofika saa saba alikuwa kaburini, jembe dogo mkononi. Patipati zikaja kwenye majani makavu ya migomba, zikasimama.

"Nilikudanganya," akasema. "Ile niliyokuvisha ni shaba ya Gakoromone. Hii ndiyo yako. Nilitaka ufe umefurahi, ama nilitaka mimi nione umefurahi, sijui. Niliiuza pete yako pamoja na machipukizi, nikakuzika na uongo. Chukua yako, Karwirwa. Ukishachukua usirudi. Mimi nitazoea."

Hilo la mwisho pia lilikuwa uongo, lakini ni uongo wa aina nyingine.

Akaifukia, urefu wa mkono. Upepo haukuwapo, ila majani ya migomba yakatikisika safu moja baada ya nyingine kuelekea mferejini, kama nguo kambani zinazompisha mtu, na harufu ya dawa ikaenda nayo. Mutembei akaweka betri kwenye mashine, akaipitisha mahali alipofukia. Haikulia. Akarudia. Akashusha mashine mpaka ikagusa udongo. Dhahabu aliyoiweka kwa mkono wake dakika tano zilizopita haikuwapo tena.

Alilia hapo mpaka jua likageuka.

Kesho yake saa saba nyumba ilikuwa kimya. Mashine ilinyamaza. Mutembei alipakua githeri, sahani moja, akaenda kunawa mikono nje. Aliporudi, kando ya sahani, juu ya kitambaa, kulikuwa na pete ya shaba, kijani kwa kuoza, na udongo mbichi ubavuni. Uzi mweupe aliouzungushia kwa ndani ulikuwa umefumuliwa wote. Ulilala karibu na pete, umbo la nane, umekazwa katikati.

Aliutazama uzi ule kwa muda mrefu. Pete yao ya harusi haikuwahi kuwa na uzi. Fundi cherehani avishwe pete yenye uzi, aiguseguse kwa kidole gumba, asijue? Alijua palepale. Alijua, akasema asante.

Mutembei akaiokota, akaivaa kwenye kidole chake cha mwisho. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichovuliwa kidoleni sasa hivi.