Maji ya Nyumba ya Pasiansi

Jioni ile nilikwenda Pasiansi kufunga maji tu. Nyumba yetu ya kule, tuliyoijenga kwa ajili ya wikiendi, ilikuwa imefungwa tangu mwanetu Ng'washi azame ziwani, nyuma ya ua. Haina mtu, lakini bili yake ya maji ilizidi hata ya hapa Mabatini tunapoishi. Mume wangu, Shigela, alisema bomba limepasuka.

"Achana nayo. Nitakwenda mwenyewe."

Hakwenda. Nikaenda mimi.

Jua lilikuwa linazama. Niliinama kwenye mita, karibu na geti. Mshale unazunguka... kwa kasi. Ardhi kavu pande zote. Nikashika koki.

Nikasikia maji yanamwagika ndani, bafuni.

Nikaingia, nikafungua mlango wa bafu. Harufu ya tope la ziwa ikanipiga usoni.

"Nani?"

"Mama, usifunge," sauti ikanong'ona. "Bado nina matope."

Ng'washi alikuwa amechuchumaa chini ya bomba, kanipa mgongo, tope limemganda kuanzia nywele hadi visigino. Tulimzika harakaharaka. Shigela hakutaka nimwoshe, wala nimwone. Alisema nisingestahimili.

Sikukimbia. Mzazi amkimbie mwanawe aende wapi? Nikachukua kipande cha sabuni kilichokaukia dirishani, nikaanza kumwosha huku nalia. Alikuwa wa baridi kama mawe ya ziwani. Tope likatoka kwenye nywele, masikioni... shingoni.

Shingoni palikuwa na alama za vidole.

Vidole vya mtu mzima.

"Mwanangu... nani alikushika?"

Akaanza kugeuka.

Maji yakakatika. Bafuni nimebaki peke yangu, povu mikononi.

Nikatoka nje. Shigela alikuwa amesimama kwenye mita, mkono juu ya koki. Asubuhi aliniaga kwamba anakwenda Ukerewe kuangalia mitumbwi yake, ile iliyoongezeka ghafla baada ya msiba.

"Nimefunga," alisema kwa upole. "Twende nyumbani, Mama Ng'washi."

Hakuniuliza mbona nimelowa.

Wiki ileile akaagiza mita ing'olewe. Anasema tunapunguza gharama. Akilala kando yangu namsikiliza anavyopumua, nami siwezi kumuuliza kitu. Nawaza tu kwamba mwanangu yumo mle gizani, anangoja maji, na mgongo wake sijaufikia.