Kilichoharibu Macho ya Fundi Suruali

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimtungia mume wangu uzi kwenye sindano zake. Nilizichomeka kwenye kijimto, za uzi mweusi huku, za uzi mweupe kule. Alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Fundi Suruali, kwa sababu suruali aliyoikata yeye ilimkaa mtu kama kazaliwa nayo.

"Taa ya kazini mbovu," aliniambia. "Ukinitungia hapa, unaniokolea muda."

Nilimwamini. Sikujua utani wa pale kazini kwao. Fundi akikosa tundu la sindano, wenzake walimcheka. "Punguza punyeto, bwana. Macho ndiyo hayo yanakwenda." Aliyekuwa anaongoza kucheka ni fundi mmoja aliyeitwa Kicheko. Wote walicheka, na mume wangu alicheka nao. Kumbe moyoni aliyaamini yale maneno.

Mwaka ule alianza kukonda. Mshonaji wa suruali za watu akawa anapunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe, tena na tena. Alikunywa maji jagi zima. Usiku hakuisha kwenda chooni. Kitandani alinigeuzia mgongo.

"Una mtu?" nikamuuliza.

"Sina mtu."

"Basi una nini?"

Akajifunika shuka hadi kichwani. Nikalia peke yangu jikoni.

Asubuhi moja aliketi kitandani akasema, "Mke wangu, hebu washa taa."

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Nikamshika mikono. Hapo ndipo aliponieleza. "Hii ni adhabu yangu. Nimepiga punyeto tangu ujana. Hata baada ya kukuoa, mara mojamoja. Nguvu zimeisha, sasa na macho. Nimekunywa dawa za mizizi za yule muuzaji anayepita mitaani na kipaza sauti. Hazikusaidia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kazini wangenicheka. Wewe ungenikimbia."

Sikukimbia. Nilimshika mkono, tukaenda hospitali.

Daktari wa macho alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Alimpima macho, kisha akaagiza apimwe damu kidoleni. Majibu yalipokuja, akavuta kiti karibu yetu.

"Baba, una kisukari. Umekaa nacho muda mrefu. Kiu, kukojoa sana, kukonda, vyote ni dalili zake. Kimeharibu mishipa midogo ndani ya macho."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Daktari, si ile... si punyeto?"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Huyo kila mtu hajawahi kukaa kwenye kiti hiki," daktari akasema. "Nimetibu macho tangu usichana wangu. Sijaona hata jicho moja lililoharibiwa na punyeto. Haipofushi. Haikaushi uti wa mgongo. Haimalizi mbegu, maana mwili hutengeneza nyingine kila siku. Wanaume hufanya, wanawake hufanya, wenye ndoa na wasio na ndoa. Ikiwa inamzuia mtu kufanya kazi zake, au inamuumiza, aje tuzungumze. Kama swali ni la dini, amuulize kiongozi wake wa dini. Mimi ninajibu la mwili."

"Na nguvu za kiume?"

"Ni kisukari hichohicho. Hata hilo lina matibabu. Na hiyo mizizi uiache, hujui kilichomo."

Mume wangu akafuta uso kwa kiganja. "Kumbe nilikuwa mgonjwa tu," akasema.

Nikamuuliza daktari kama macho yatarudi. Akayatazama tena majibu.

"La kushoto, hapana. Mngekuja mapema, tungeliokoa. La kulia tutalipigania."

Lilipiganiwa. Lilichomwa kwa mwanga maalumu, naye akaanza dawa za kisukari na kubadilisha chakula. Sasa sukari imeshuka, mwili umerudi, na tunalala tukitazamana. Jicho la kulia linaona njia. Lakini halioni mshono. Fundi Suruali hashoni tena. Kazi yake ni kukunja nguo walizoshona wenzake. Huzipapasa kwa vidole. Akikuta mshono uliopinda huugusa mara mbili, halafu hukunja hivyohivyo.

Siku moja nilimwambia, "Wale wenzako lazima waambiwe."

"Nenda kawaambie," akasema. "Yote. Mimi sitaweza."

Nikaenda, nikasimama katikati ya vyerehani. Nikasema punyeto, nikasema nguvu za kiume, nikasema kisukari. Nikawaeleza kilichompofusha mume wangu, na aibu iliyomfanya afiche dalili zake.

Kicheko alikuwa amekodoa macho kwenye kitambaa chake.

"Shemeji," akasema baadaye, kwa sauti ya chini, "mimi pia nakojoa sana usiku. Nilidhani ni ile."

"Si ile. Nenda kapime."

Alikwenda. Alikutwa na kisukari kichanga, macho yake bado mazima. Anatumia dawa, anashona. Wenzake nao walipima mmoja baada ya mwingine. Ule utani haujasikika tena pale.

Habari zilimfikia mama mkwe. Alikuja nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mkwe wangu, umelitamka neno lile mbele ya wanaume. Umeianika aibu ya mwanangu hadharani. Nataka urudi ukawaombe radhi, halafu uniombe mimi."

"Mama, shikamoo," nikasema. "Aibu ndiyo iliyomnyima mwanao jicho. Kicheko anaona leo kwa sababu nililitamka."

"Sikuuliza habari za Kicheko. Nimesema uombe radhi."

"Nakuheshimu, mama. Chai nitakupikia, na miguu ikikuuma nitakukanda. Radhi siombi."