Taa Nyuma ya Migrevilea

"Zima hiyo taa, Mama Bushra."

Fatu alikuwa amesimama na birika mkononi. Taa kubwa ambayo fundi Amoni aliifunga mchana huo juu ya ukuta wa uani iliangaza kibaraza kizima: saruji mpya, viti viwili, mpaka miche ya migrevilea aliyoipanda ukingoni.

"Nimekutengenezea mahali pa kupunga upepo, Baba Bushra. Utakaa chumbani mpaka lini?"

"Nimesema zima."

Ishaka hakusubiri. Alishika gongo lake, akajikongoja ndani, akafunga mlango. Fatu akazima taa na kukaa peke yake na chai ya watu wawili.

Hadi mwaka 2011 Tunduma nzima ilimjua Ishaka kama dereva wa malori ya kwenda Ndola, mtu wa maneno mengi na kicheko. Kisha usiku mmoja lori lake likagongana na jingine upande wa Zambia. Yeye alitoka na mguu uliovunjika. Utingo wake wa miaka mingi, Lusungu, mwenyeji wa Igamba, alifia palepale. Tangu atoke hospitali, Ishaka alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", nyuma ya pazia lililofungwa. Bushra, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameolewa Dodoma. Fatu alishinda mpakani akiuza vitenge, akiitikia salamu za "mulishani" za wateja wa Zambia na kucheka nao. Jioni alirudi kwenye nyumba ambayo sauti pekee aliyoisikia ni ya vijiko vyake mwenyewe.

Asubuhi alisimama mlangoni pa chumba.

"Taa imekukosea nini?"

Alidhani hatajibiwa.

"Inakuja," Ishaka akasema kutoka ndani.

"Nani anakuja?"

"Taa. Ukiwasha tu, naiona inakuja."

Fatu akaelewa. Ndivyo lile lori jingine lilivyowajia. Alitaka kuingia amkumbatie, lakini mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Amoni akaitwa kuiondoa taa. Kibaraza kikabaki kitupu, saruji na jua. Fatu akaendelea kumwagilia miche kwa maji aliyofulia, akiisemesha.

"Mama Bushra, unaongea na nani?" jirani yake Roda aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Na miti."

"Inakujibu?"

"Kama mwenzao aliye ndani."

Roda alicheka kidogo, kisha akaacha.

Mvua zilikuja zikaisha. Migrevilea ikampita Fatu urefu, na hakuna aliyewahi kukaa kwenye kivuli chake. Ndipo kaka yake Ashraf akamtumia ujumbe kutoka Kondoa: "Dada njoo kwetu. Mtu haolewi na ukuta."

Akajibu: "Nakuja."

Siku ya safari alimwambia mumewe, "Nakwenda kwa Ashraf. Roda atakuletea chakula."

"Utarudi lini?"

"Ungependa nirudi?"

Ishaka akageukia pazia. Fatu akabeba begi lake.

Kondoa nyumba ilijaa wifi, watoto na wageni. Kila mtu alimsemesha, na bado alijiona kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Mchana mmoja simu ikaita. Jina la Ishaka. Tangu ajali hakuwahi kumpigia mtu.

"Miti yako inakauka," alisema.

"Mwambie Roda aimwagilie."

"Roda yuko msibani Ihanda."

"Basi iache ife, Baba Bushra. Nimechoka."

Hakukata simu. Fatu akasikia ndoo ikigonga saruji, na mtu akihema kwa shida.

"Uko wapi?"

"Nje."

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Fatu alijifanya haingoji, ila aliiweka karibu hata alipokuwa akiosha vyombo. Mwishowe ujumbe ukaingia: "Nimefunga taa. Njoo uone kama zimekaa vizuri."

Ashraf aliusoma begani kwake.

"Taa? Hajasema samahani wala hajasema anakupenda?"

"Amesema njoo."

Alifika Tunduma saa za magharibi, akapitia mlango wa uani. Ishaka alikuwa amekaa kibarazani. Taa ndogo zilikuwa chini kabisa, nyuma ya mashina, zimeelekezwa ukutani. Balbu haikuonekana hata moja. Mwanga ulipanda taratibu katikati ya majani na kudondoka kwenye saruji ukiwa laini.

"Amoni kakufungia?"

"Mimi. Nimejikokota chini na waya. Nikiziweka huko nyuma, taa yenyewe siioni. Naona majani tu."

Fatu hakuweka begi chini.

"Umerudi," Ishaka akauliza, "au umekuja kuchukua vitu vyako?"

"Sijui. Nisemeshe kwanza."

Ishaka akayatazama majani.

"Lusungu alikuwa amelala," akasema. "Nilimwambia alale, nitamwamsha tukifika Mpika."

Begi likashuka lenyewe. Fatu akakaa.

"Nilipozinduka nikamwita. Nilimwita sana, Fatu. Sauti yangu niliiacha pale."

Tangu Bushra azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. Fatu akaushika mkono wake, naye hakuuondoa.

"Na mama yake sijaenda kumpa pole."

"Igamba si mbali. Tutashuka Vwawa, tuunganishe."

"Kwa gari?"

"Kwa gari. Asubuhi, hakuna taa. Nitakushika."

"Akinifukuza je?"

"Akikufukuza," Fatu akasema, "tutarudi wote nyumbani."

Ishaka akaliondoa gongo lililokuwa kati ya viti vyao, akalilaza chini, na Fatu akasogea.