Tableti Ndani ya Taulo

Kila Jumamosi asubuhi Barbara alikuwa akifagia zahanati ya kambi ya wanajeshi, vilimani juu ya Bwera, kisha akifuta vumbi kwenye kabati la baba yake. Baba, Sajini Lokwang, alikuwa mtunza stoo ya dawa. Humo kabatini, ndani ya taulo jipya, ililala tableti, kompyuta ndogo ya mkononi, iliyoletwa mwezi wa Januari kwa ajili ya kuagizia dawa.

"Hiyo usiguse," alimwonya Barbara. "Niliweka sahihi. Ikivunjika, mimi nitalala jela."

"Lakini afande, tunatuma makaratasi ya kuomba dawa na jibu haiko," alisema Sista Naome, muuguzi.

"Jibu itakuja."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa kila mtu alimsikia mkuu, na dawa zikazidi kupungua.

Jumamosi moja Barbara aliiwasha tableti. Kioo chake kilikuwa kimejaa ujumbe: "Maombi ya karatasi hayapokelewi tena. Tumeni hesabu ya dawa hapa." Alielewa kila neno, maana shuleni walifundishwa kompyuta. Lakini aliiogopa fimbo ya baba yake. Akaifunga tena ndani ya taulo, akanyamaza.

Wiki mbili baadaye mdogo wake, Kenneth, alishikwa na malaria, akapata degedege. Sista Naome alifungua boksi la sindano za malaria, akalikuta tupu. Mvua ilikuwa imebomoa daraja, hivyo alfajiri Sajini alimbeba mtoto begani hadi hospitalini. Walifika saa nane mchana, Kenneth hana fahamu.

Alipona. Ila alipofumbua macho, mama alimwita mara tatu na hakugeuka. Daktari alisema malaria imeharibu masikio yake.

Barbara alilia, akaeleza yote pale kitandani.

"Wewe uliogopa mimi," baba yake alisema. "Na mimi niliogopa tableti."

Kesho yake alirudi kambini, akaitoa tableti kwenye taulo, akaiweka mezani kwa Sista Naome. Barbara akawaonyesha namna ya kutuma hesabu. Daraja lilitengenezwa, na Ijumaa dawa zilifika.

Sajini aliwakusanya wafanyakazi wote, Kenneth akiwa amemshika mkono.

"Kifaa ya kazi ni ya kutumia. Ikikwaruzika, tutaeleza. Na mtu akiona shida, mkubwa ama mtoto, aseme siku hiyo hiyo. Mimi nilichunga kioo ya tableti, mtoto wangu akaumia."

Wafanyakazi wakaanza kuitikia, "Ndiyo, afande." Kenneth alitazama midomo yao ikicheza, mmoja baada ya mwingine, kisha akamvuta baba yake mkono.

"Baba, mbona watu hawaongei tena?"